Mkalimani wa Kiafghani amekataliwa SIV, mwendesha mashtaka hana njia ya viza: tuanzie wapi, na barua ya utetezi iandikweje?

karani_kampala ameuliza:

Wakuu, habari za kazi.

Kikundi chetu cha msaada wa sheria hapa Kampala kina mafaili mawili ya Waafghani, pamoja na barua ya utetezi tuliyoombwa kuiandika kwa kushirikiana na mashirika mengine. Naomba majibu ya wanaozijua njia hizi kwa undani.

Faili la kwanza ni la mkalimani aliyefanya kazi na jeshi la Marekani kupitia kampuni ya ukandarasi *[jina la kampuni, kambi na mkoa vimeondolewa – Msimamizi]*. Aliomba SIV, yaani viza maalumu ya Marekani kwa Waafghani walioitumikia, mwaka 2023. Mwezi uliopita kapokea barua ya kukataliwa katika hatua ya idhini ya mkuu wa ubalozi: ushahidi hautoshi kuonyesha kwamba alifanya kazi mwaka mmoja. Yeye anasema alifanya miezi kumi na tisa. Kampuni haipo tena, na barua ya ajira aliyonayo ina mwaka wa kuanza na wa kumaliza tu, bila siku wala mwezi.

La pili ni la mama aliyekuwa mwendesha mashtaka wa serikali iliyoanguka, akisimamia kesi za ukatili dhidi ya wanawake. Hakuwahi kuajiriwa na Wamarekani wala Waingereza. Amefika Uganda na watoto.

Je, mkalimani aombe upya au akate rufaa? Huyu mama ana mlango gani? Na hiyo barua, rasimu iliyopo inaomba kila kitu kwa kila mtu: Bunge la Marekani, Umoja wa Mataifa, Umoja wa Afrika, serikali za Ulaya. Mnaionaje?

Nawasilisha.

---

Msimamizi:

Nimefuta maelezo ya mahali na kampuni. Jukwaa hili linasomwa na yeyote. Mkoa, mwaka na jina la kampuni vikikaa pamoja vinatosha kumtambulisha mtu kwa anayemtafuta, na jamaa zake bado wako kule. Mnaojibu, msimwombe aviweke tena.

---

wakili_wa_wakimbizi:

Karani, kuomba upya kumefungwa. Sheria ya Marekani ya 2009 ya kuwalinda washirika wa Kiafghani imeongezewa muda mara kadhaa, na mara ya mwisho, Machi 2024, tarehe ya mwisho ya kuwasilisha ombi la idhini ya mkuu wa ubalozi iliwekwa 31 Desemba 2025. Ombi lililoingia kabla ya hapo linaendelea kushughulikiwa, ila aliyekataliwa hana tena nafasi ya kutuma jingine. Kilichobaki ni rufaa, nayo ni moja tu, ndani ya siku 120 tangu alipopokea uamuzi kwa maandishi. Hesabuni kuanzia tarehe ya barua pepe yenyewe, msihesabu kuanzia siku alipoifungua, halafu jiwekeeni siku ya 90 kuwa ndiyo mwisho wenu.

Kosa linaloua rufaa nyingi ni kurudisha nyaraka zilezile na maelezo marefu ya uchungu. Afisa anayesoma anatafuta kitu kipya kinachojibu sababu iliyoandikwa kwenye barua. Kwenu sababu ni muda. Basi tengenezeni jedwali la miezi kumi na tisa, mstari mmoja kwa kila mwezi, na mbele ya kila mwezi muweke ushahidi unaouthibitisha: hati ya malipo, taarifa ya benki inayoonyesha mshahara kuingia, nakala ya kitambulisho cha kambi chenye tarehe ya kutolewa na ya kuisha, cheti cha mafunzo, barua pepe ya kazi yenye tarehe. Mwezi usio na kitu uachwe wazi, usijazwe kwa kukisia. Sheria inataka mwaka mmoja tu (ilikuwa miwili kwa walioomba baada ya Septemba 2015, ikapunguzwa Julai 2021), kwa hiyo hamhitaji kuithibitisha yote kumi na tisa. Miezi kumi na minne iliyosimama imara ni bora kuliko kumi na tisa inayoyumba. Picha akiwa na askari wekeni mbili tatu, ila zinathibitisha tu kwamba alisimama karibu nao siku moja.

Kuhusu kampuni iliyokufa. Kwanza angalieni kama iliyokufa ni kampuni ndogo iliyomwajiri au mkandarasi mkuu aliyekuwa juu yake. Mara nyingi ndogo inakufa huku mkuu yupo, au alinunuliwa na kampuni nyingine iliyorithi kumbukumbu. Kitu cha thamani kuliko vyote hapa ni namba ya mkataba kati ya kampuni na serikali ya Marekani. Ikipatikana, wanaohakiki wanaweza kuthibitisha kwamba mkataba ulikuwapo, ulianza lini na uliisha lini, hata kama ofisi ya utumishi haipo wa kupokea simu. Itafuteni kwenye mkataba wake wa ajira, kwenye barua za kusafiri kati ya kambi, hata nyuma ya kitambulisho. Hakikisheni pia ulikuwa mkataba kweli. Waliolipwa kwa fedha za ruzuku au makubaliano ya ushirikiano hukataliwa hata wakiwa na miaka mitano.

Barua ya ajira lazima iwe na siku, mwezi na mwaka wa kuanza na kumaliza. Hiyo yenu yenye miaka mitupu ndiyo iliyomwangusha. Mtu anayeandikwa "2011 hadi 2012" anaweza kuwa alifanya miezi ishirini na tatu, au wiki nne tu kuanzia Desemba.

Barua ya mapendekezo nayo itafutwe upya. Iandikwe na raia wa Marekani aliyemsimamia moja kwa moja, au aliyekuwa ngazi ya juu yake na anaifahamu kazi yake. Kama msimamizi wa kila siku hakuwa Mmarekani, raia wa Marekani aliyehusika na mkataba huo aisaini pamoja naye. Ndani yake kuwe na jina la mwombaji kama lilivyo kwenye nyaraka zake, kipindi mwandishi alichomfahamu chenye tarehe, kazi aliyoifanya, kwamba utumishi ulikuwa wa uaminifu na wa thamani, hatari inayomkabili kwa sababu ya kazi hiyo, kauli kwamba mwandishi hamwoni kuwa tishio kwa usalama wa Marekani, na mawasiliano ya mwandishi yanayofanya kazi. Hao maafisa wa zamani wana moyo mzuri, lakini ukiwaachia waandike wenyewe wanajaza ukurasa mzima wa sifa na kusahau tarehe. Mpelekeeni orodha ya mambo ya kugusa, maneno yawe yake. Barua kumi zenye sentensi zilezile zinatiliwa shaka.

Mumuulize pia, faraghani, kazi iliishaje. Kama kumbukumbu za kampuni zinasema aliachishwa kwa kosa, kutofika kazini kwa mfano, hiyo itatokea hata kama barua ya kukataliwa haijaitaja. Ajibu kabla hajaulizwa.

Mashirika ya kuwaulizia wasimamizi wa zamani na msaada wa rufaa ni kama No One Left Behind na IRAP. Huduma zao hazilipiwi. SIV yenyewe haina ada ya viza, gharama inayomwangukia mwombaji ni vipimo vya afya na safari zake. Anayedai fedha "kusukuma faili" Doha au Washington ni tapeli.

---

karani_kampala:

Asante sana wakili. Tumepata taarifa za benki za miezi kumi na moja na kitambulisho. Ila nasikia viza zenyewe zimesimamishwa. Kuna maana ya kuhangaika na rufaa?

---

wakili_wa_wakimbizi:

Maana ipo. Mwishoni mwa Novemba 2025, baada ya askari wa National Guard kupigwa risasi Washington na mtuhumiwa kuwa Mwafghani, Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilisimamisha utoaji wa viza kwa wenye pasipoti za Afghanistan. Tamko la Rais la Desemba likaondoa msamaha wa SIV uliokuwamo kwenye zuio la Juni 2025, kuanzia 1 Januari 2026. Lakini zuio linagusa viza. Idhini ya mkuu wa ubalozi ni kitu kingine, ni uamuzi kwamba mtu huyu alitumikia, kwa uaminifu, kwa muda unaotakiwa. Siku 120 hazisubiri zuio liondoke. Akiziacha zipite, hata mlango ukifunguliwa kesho yeye atakuwa nje.

Na idhini hiyo ikipatikana ni ushahidi mzito mahali pengine: kwenye ombi lake la ukimbizi Uganda, kwenye mahojiano ya UNHCR. Mwandikisheni Ofisi ya Waziri Mkuu kama hajaandikishwa. Kuwa mwombaji wa SIV hakumzuii kuwa mkimbizi, na wengine wamekaa miaka bila hadhi yoyote kwa kuamini kwamba safari ni wiki ijayo. Hao waliofika Entebbe Agosti 2021 waliambiwa wanapita tu.

---

Bint_Mvita:

Nadandia kwenye suala la tarehe, maana mafaili mengi yanaharibikia hapo. Nyaraka za Afghanistan za kabla ya 2021 zinatumia Hijria ya jua. Hii si Hijria ya mwezi tunayoijua sisi watu wa pwani, usizibadilishe kwa kalenda ya msikitini. Mwaka unaanza 1 Hamal, yaani tarehe 20 au 21 Machi. Kuanzia hapo hadi karibu tarehe 10 Jadi unaongeza 621, na kuanzia hapo hadi mwisho wa mwezi wa Hut unaongeza 622. Kwa hiyo 15 Mizan 1391 ni 6 Oktoba 2012, lakini 20 Dalwa 1391 ni 8 Februari 2013. Mtafsiri mvivu anaongeza 621 kila mahali, na hapo mkataba uliodumu miezi kumi na minne unageuka kuwa wa miezi miwili. Nyaraka zilizotolewa chini ya Taliban nazo zinaweza kuwa na Hijria ya mwezi, basi soma jina la mwezi kwanza. Ukiona Muharram au Rajab ni kalenda nyingine kabisa.

Tazkira ya zamani, yaani kitambulisho chao cha taifa, haina siku ya kuzaliwa. Inasema tu "mwaka 1370 alikuwa na umri wa miaka mitano". Ndiyo maana wengi wanaandikwa 1 Januari. Haina shida mradi iwe 1 Januari ya mwaka uleule kwenye kila karatasi. Wengi pia wana jina moja tu, na mifumo ya Marekani huweka FNU mahali pa jina la kwanza. Usimruhusu mtu aongeze jina la baba kwenye fomu moja na la ukoo kwenye nyingine. Andika ukurasa mmoja unaoorodhesha namna zote jina lake lilivyoandikwa, kwenye karatasi ipi, kisha uambatanishe.

---

sheria_na_mipaka:

Nije kwa mama mwendesha mashtaka. SIV si yake. Waliotumikia serikali ya Afghanistan, hata waliofanya kazi bega kwa bega na washauri wa kigeni, hawamo. Mpango wa wakimbizi wa Marekani nao umesimama tangu Januari 2025, na hata yale makundi ya kipaumbele ya P-1 na P-2 yaliyofunguliwa kwa Waafghani yalipitia humo. ARAP na ACRS, mipango ya Uingereza ya kuwahamisha Waafghani, zilifungwa kwa maombi mapya 1 Julai 2025. Msimpotezee muda kwenye fomu hizo.

Nguvu yake iko hapo hapo mlipo. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya 2006, kifungu cha 4, inakwenda mbali kuliko mkataba wa kimataifa wa wakimbizi wa 1951: inamtambua pia anayehofia kuteswa kwa kutokubali desturi zinazobagua kwa misingi ya jinsia. Sheria chache duniani zinasema hivyo waziwazi. Jengeni maombi juu ya misingi mitatu, msing'ang'anie mmoja: jinsia, maoni ya kisiasa anayodhaniwa kuwa nayo kwa kuitumikia serikali iliyopita, na kundi la kijamii la waendesha mashtaka. Huo wa mwisho una sababu ya pekee. Mapatano ya Doha ya Februari 2020, kati ya Marekani na Taliban, yalifuatwa na kuachiwa kwa wafungwa 5,000 wa Taliban, na Agosti 2021 magereza yalifunguliwa huku miji ikianguka. Wanaume aliowafunga wako mitaani, na baadhi wana bunduki na vyeo.

Kwa ushahidi wa hali ya nchi, msijaze kurasa sitini za magazeti. Wekeni ripoti ya Agosti 2023 ya UNAMA, ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini Afghanistan, iliyohesabu mauaji yasiyo ya kisheria yasiyopungua 218 ya maafisa na askari wa zamani, licha ya msamaha wa jumla uliotangazwa na Taliban wenyewe. Wekeni sheria yao ya maadili ya Agosti 2024. Wekeni hati za kukamatwa za Mahakama ya Kimataifa ya Jinai za 8 Julai 2025 dhidi ya kiongozi mkuu wa Taliban, Haibatullah Akhundzada, na jaji mkuu wao, Abdul Hakim Haqqani, kwa mateso ya kijinsia. Na uamuzi wa Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya wa 4 Oktoba 2024, kwamba kwa mwanamke wa Kiafghani jinsia na uraia vinaweza kutosha bila kuthibitisha hatari ya pekee. Hauifungi Uganda, lakini hoja zake zinasomeka kokote.

Msimwahidi kupelekwa nchi ya tatu. UNHCR ndiyo inayochagua mafaili, hakuna fomu ya kuomba. Kanada ilianzisha mwaka 2021 njia ya watetezi wa haki za binadamu, ambayo haipokei maombi ya mtu mwenyewe: lazima apelekwe na UNHCR au mashirika kama Front Line Defenders na ProtectDefenders.eu. Kama kuna rekodi ya kesi alizosimamia, hapo ndipo pa kuipeleka.

---

mwanadiaspora_mw:

Mimi nazungumzia barua. Rasimu inayoomba kila kitu kwa kila mtu itajibiwa na kila mtu kwa "tumepokea". Igaweni, na msichanganye hoja mbili zilizomo.

Hoja ya kwanza ni ya deni: walitutumikia, tuliwaahidi. Hii inasikika Bungeni Washington na karibu hapo tu. Hoja ya pili ni ya mikataba, kwamba kinachofanyika ni uhalifu bila kujali nani alimsaidia nani, na hii ni ya Geneva, kwenye vyombo vya haki za binadamu vya Umoja wa Mataifa, na The Hague, kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Ukiyaweka kwenye ukurasa mmoja, mama mwendesha mashtaka anaonekana kama nyongeza, na wale wa Geneva wanasoma aya tatu za jeshi la Marekani kabla ya kufika kwenye jambo lao.

Barua ya Washington iombe vitu vyenye jina: kuongeza tarehe ya mwisho ya SIV na idadi ya viza, na kurudisha msamaha wa SIV kwenye zuio. Sheria ya kuwapa ukazi wa kudumu wale Waafghani zaidi ya 76,000 walioletwa Marekani kwa kibali cha muda ililetwa Bungeni 2022 na tena 2023, haikupita, kwa hiyo msiiandike kama vile ipo. Kumbusheni pia kwamba sheria yao wenyewe inataka hatua za serikali zimalizike ndani ya miezi tisa, na kwamba Septemba 2019 mahakama ya shirikisho Washington iliona ucheleweshaji hauvumiliki. Ukurasa mmoja na nusu, basi.

Na isitumwe na ninyi. Ofisi ya mbunge wa Marekani inasikiliza wapiga kura wake. Tafuteni raia wanaoishi kwenye jimbo husika, Waswahili wapo Ohio, Minnesota, Texas, na maveterani pia, watume wao. Mkitaka mbunge aulizie faili la mkalimani hasa, hiyo ni kazi tofauti na sera: itahitajika fomu ya ruhusa ya faragha iliyosainiwa na mwombaji, na mara nyingi kinachorudi ni hali ya faili tu. Usiidharau, maana ndipo mtu hugundua kwamba faili lilifungwa kimyakimya kwa barua pepe iliyoingia kwenye taka.

Geneva sasa. Msipeleke malalamiko ya mtu binafsi kwa kamati ya CEDAW, mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake. Afghanistan iliridhia mkataba 2003 lakini haikukubali itifaki ya malalamiko, mtarudishiwa. Njia iliyopo ni taratibu maalumu: mtaalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu Afghanistan, Richard Bennett, na wenzake wanaoshughulikia mada mahususi. Zinahitajika jina la mwathirika, kilichotokea, tarehe, mahali, anayetuhumiwa, na ridhaa ya mwathirika. Mzingatie kwamba barua inayotumwa kwa mamlaka kwa kawaida hubeba jina la mwathirika, na baada ya siku 60 huwekwa hadharani. Jina la aliyeleta taarifa hubaki siri. Kwa mwenye mume aliyebaki kule hilo ni swali la kukaa chini na kulizungumza, si la kuwekea alama kwenye kisanduku. Kama ndugu amepotezwa, kikundi kazi cha waliotoweka kwa nguvu kina utaratibu wa dharura kwa tukio lisilozidi miezi mitatu. Likizidi, linaingia kwenye utaratibu wa kawaida.

Oktoba 2025 Baraza la Haki za Binadamu liliunda chombo huru cha uchunguzi kuhusu Afghanistan, cha kukusanya na kuhifadhi ushahidi. Kwa hiyo msimhoji huyo mama mara nne kwa ajili ya mashirika manne. Ushuhuda unaorudiwa hutofautiana kidogo kila mara, na wakili wa utetezi siku moja ataziweka nakala zote nne mezani. Andikeni muhtasari wa nani anajua nini na nyaraka zipi zipo, maelezo kamili mwachieni mchunguzi.

---

fundi_wa_faili:

Hakuna aliyegusa usalama wa mawasiliano, na huko ndiko utetezi umeumiza watu kweli. Septemba 2021 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilituma barua pepe kwa Waafghani wanaosubiri kuhamishwa ikiweka anwani zote kwenye sehemu ya kawaida ya wapokeaji badala ya ile ya siri. Kila mmoja akaona anwani za wenzake, na wawili wakabonyeza "jibu wote", mmoja wao akitaja alipo. Kwa matukio ya aina hiyo mwaka huo watu 265 walifichuliwa, na Desemba 2023 wizara ikapigwa faini ya pauni 350,000. Februari 2022 ikavuja jedwali lenye taarifa za waombaji karibu 19,000, na umma haukuambiwa hadi amri ya mahakama ilipoondolewa Julai 2025.

Kwa hiyo kundi la WhatsApp la mashirika manne lisibebe jina wala namba ya faili. Kila mwombaji apewe namba ya ndani, na orodha inayounganisha namba na majina ikae kwenye mashine moja iliyofungwa kwa nywila, mikononi mwa mtu mmoja na msaidizi wake. Barua pepe ziende kwa mtu mmoja mmoja, hata kama ni watu ishirini. Jedwali mnalotuma nje litengenezwe upya kutoka mwanzo. Msifiche safu tu, maana safu iliyofichwa hufunguliwa kwa kubofya mara mbili. Picha zifutwe taarifa za mahali kabla ya kutumwa.

Ndugu aliyeko Kabul asiombwe kupiga picha hati na kuzituma kwa simu yake ya kila siku. Vizuizi vya barabarani hukagua simu, na akifuta picha bado inakaa kwenye pipa la simu siku kadhaa.

---

karani_kampala:

Nimewaelewa. Rasimu nimeigawa mara mbili tangu jana. Swali moja la mwisho kwa Bint Mvita: barua ya ajira ya mkalimani ina miaka ya kizungu, lakini mkataba wa kwanza una tarehe 25 Jadi 1389. Hiyo ni 2010 au 2011?

---

Bint_Mvita:

Ni 2011, dadangu. Tarehe 25 Jadi imeshapita mpaka wa mwaka wa kizungu, kwa hiyo unaongeza 622: ni 15 Januari 2011. Mkataba upelekwe na tafsiri ya Kiingereza yenye saini ya mtafsiri na kauli yake kwamba anazimudu lugha zote mbili, na tarehe ya asili iachwe ionekane pembeni ya iliyobadilishwa.